Malalamiko Kuhusu Nona Asiyesinzia

Mesa del Pajonal,
Milimani, Mérida.
24 Januari.

Kwa: Mtengenezaji wa mchezo wa simu uitwao "Mwizi wa Hori"

YAH: MALALAMIKO MATANO NA OMBI LA PEMBE MOJA

Ndugu Mtengenezaji,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeshakula, na huna hasira. Mimi sijambo, mwanangu Oriana hajambo, ameota jino la pili. Nakuandikia kwa heshima zote kwa sababu nimebakiwa na siku nane na pembe moja ya leso, na ukikifuata kisa hiki kwa utaratibu kama nilivyokifuata mimi, utaona mwenyewe kwamba pembe hiyo ni yako.

Jina langu Yuleima, nina miaka ishirini na miwili. Mume wangu Eleazar yuko Chile anachuma matunda ya watu. Mimi na mtoto tunaishi kwa mama yake, doña Hercilia, ambaye kijiji kizima kinamwita nona, kama tunavyowaita bibi wote wa huku juu. Shule niliishia kidato cha tatu, kwa hiyo ukikuta herufi imekosewa, kosa ni langu, lisiyaharibu malalamiko.

Desturi yenyewe unaijua, maana mchezo wako wote umesimama juu yake, lakini naiandika ili hata mtu mwingine akiisoma barua hii asipotee. Mtoto Yesu akishalazwa horini usiku wa Noeli, mwaka mpya ukiingia haifai aendelee kulala. Inapasa asimamishwe kabla ya tarehe mbili Februari, kwa fidla, keki na divai, na wasimamizi wanne wanaombeba juu ya leso ya hariri, kila mmoja na pembe yake, wakimzungusha nje kwa nyimbo. Mwenye nyumba akizembea, jirani yeyote ana haki ya kuingia na kumwiba Mtoto. Hapo mwenye nyumba atamtafuta mlango kwa mlango, na akimpata atawalisha wote. Huo ndio wizi pekee ambao padri anausamehe kabla haujatendeka.

Kwetu Mtoto hajasimamishwa miaka mitatu, tangu kaka mkubwa wa Eleazar aende Peru. Kisha wa pili akaenda Bogotá, kisha Eleazar naye akaenda, Oriana akiwa tumboni. Sasa nayaweka malalamiko yangu kwa namba.

1. Mchezo wako una masikio na sikuambiwa.

Zunilde, jirani yangu, ndiye aliyeniwekea kwenye simu siku mbili baada ya Noeli. Alisema tu, "Chukua, ujichangamshe kidogo, umekuwa na uso wa mtu aliyeachwa na basi." Hakuniambia kwamba simu inasikiliza chumba, na kwamba kelele ya kwangu inasikika mpaka ndani ya nyumba ninayoiba. Nyumba ya kwanza nimenyata vizuri kabisa. Nimempita mzee kwenye kiti, nimempita paka, nimeinama horini, Oriana akapiga chafya. Taa zote zikawaka. Mara ya pili alicheua. Mara ya tatu alicheka tu, alikuwa amegundua kwamba ana mguu.

Zunilde alicheka mpaka akaketi chini. "Mwizi gani wewe unatembea na king'ora chako mwenyewe?"

Naomba uandike mwanzoni, kwa herufi kubwa, kwamba wanaonyonyesha wajiandae. Au uweke kitufe cha kunyonyesha. Mimi nilitumia cha kwangu: nyumba ya pili, ya tatu na ya nne nimeziiba zote mtoto akiwa titini, na sioni haya kusema kwamba nilijisikia mtu.

2. Mchezo ni mfupi.

Nyumba tano tu! Zunilde, ambaye hana mtoto mchanga, aliumaliza kwa dakika thelathini na tano. Mimi umenichukua siku kumi na moja. Oriana mchana halali zaidi ya dakika ishirini na tano, kwa hiyo zile kumi zilizobaki nilizitafuta popote. Nilizitafuta chooni. Nilizitafuta kwenye karo la kufulia nikiwa nimefungulia bomba, na hapo nilikamatwa kwa ajili ya bomba. Nilizitafuta jikoni mpaka arepa za ngano, chapati zetu za huku, zikaungua upande mmoja, na nona akazila kwa upande huohuo bila kusema neno.

Hilo ndilo lililoniuma. Eleazar ananiambia zamani arepa ikiungua katika nyumba ile, habari zilifika bondeni kabla ya moshi. Sasa nona anatafuna tu. Anamwogesha Oriana vizuri, anamkausha hadi katikati ya vidole, anamrudisha kwangu, anaenda kukaa. Ukimuuliza kitu anajibu kama mtu anayelipia kila neno.

3. Nona wa nyumba ya tano halali usingizi.

Hili ndilo lalamiko kubwa, tafadhali keti. Umemweka bibi yule karibu na hori, kajitanda shali, ufagio magotini, macho wazi. Nilidhani ukingoja atasinzia. Nilingoja nusu saa nzima. Alichofanya ni kuuhamisha ufagio kutoka goti la kulia kwenda la kushoto. Ndugu, huko ni kuwasingizia wazee. Mimi ninaishi na nona halisi. Huyu wa kwetu akishakunywa pisca, supu yake ya viazi ya mchana, saa nane kamili anakaa karibu na redio, kidevu kinashuka kifuani, na anakoroma kwa mpangilio, mikoromo miwili mifupi, mmoja mrefu. Nimemchunguza siku nyingi na nimetia alama kwenye kalenda. Hakukosa hata siku moja. Kwa nini wako hachoki? Ni bibi au ni mlingoti?

3 tena, kwa sababu nimekumbuka. Nona wako akimkamata mtu anasema, "Wewe! Weka hapo Mtoto wa watu!" Ile sauti umeitoa wapi? Mara ya kwanza kuisikia niliidondosha simu katika maganda ya viazi, nikasimama wima, nikasema, "Samahani, nona," na hakukuwa na mtu jikoni.

4. Mchezo wako umenifanya mwizi.

Siku ya Jumatatu nilimuuliza nona tutamsimamisha Mtoto lini.

Akasema, "Leso atashika nani, mwanangu? Viti?"

Nikamwambia Mtoto akilala hivi mwaka mzima, bahati mbaya itaingia nyumbani.

"Iingie," akasema. "Ikikosa mtu wa kukaa naye itatoka yenyewe."

Hiyo ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote za mwezi huu.

Nikaenda kumtazama Mtoto. Ni wa plasta, dole gumba la mguu limemeguka, na ni mkubwa kuliko Yosefu wake, kwa kuwa walinunuliwa maduka tofauti. Amelala pale kama mgonjwa ambaye hakuna anayekuja kumwona. Nikawaza, huu ndio mwaka wa kwanza wa Oriana katika nyumba hii. Atajifunza kusimama, Mungu akijalia, mwezi wa tano au wa sita, huku Mtoto wa bibi yake bado kalala. Sikuipenda picha hiyo.

Basi juzi, Jumatano, saa nane na dakika kumi mchana, jua likiwaka, nona akikoroma miwili mifupi, mmoja mrefu, nilifanya kama ulivyonifundisha. Kisigino kwanza, kisha vidole. Pumzi nikaiacha mlangoni. Ubao wa tatu wa sakafu, ule unaolia, nikauruka. Oriana nilimfunga mbele kwa kanga ya kubebea, Mtoto nikamfunga mgongoni kwa shali. Na Oriana, ambaye katika mchezo hakuwahi kuninyamazia hata nyumba moja, alikaa kimya kama mshirika aliyekula kiapo! Niliufunga mlango wa nyuma nikiwa siamini. Dakika nne. Wizi wa kweli ni mwepesi mara mia kuliko wa kwako. Ulinitisha bure.

5. Mchezo wako hauna askari. Wangu ulikuwa naye.

Nilikuwa napeleka wizi kwa Zunilde, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilipofika katikati ya njia, nona akaamka. Nilisikia dirisha likifunguliwa na sauti ambayo sijapata kuisikia tangu niolewe: "Wameniibia Mtoto! Jamani, wameniibia Mtoto!"

Mtu yeyote wa huku angepiga makofi. Lakini kituo chetu kimeletewa askari mpya, Urdaneta, mtu wa Maracaibo, nchi ya joto, ana wiki tatu tu milimani na bado anavaa soksi mbilimbili. Huko kwao Mtoto haibiwi. Alitoka mbio, kofia mkononi, akanikuta mimi na mizigo yangu miwili.

"Mama, simama hapohapo! Huyo mtoto ni wa nani?"

"Yupi, afande?"

"Wako wangapi?"

"Wawili. Wa mbele wangu. Wa nyuma nimemwiba."

Nilidhani ukweli utasaidia.

"Umeiba!" akasema. "Umemwibia nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Mama mkwe wako ana mtoto mchanga?"

"Anaye tangu kabla hajaolewa, afande."

Akavaa kofia. "Baba wa mtoto yuko wapi?"

"Amebaki na ng'ombe."

"Na mama yake?"

"Amepiga magoti palepale."

Akachomoa redio ya kiunoni akaanza kuita kituo, anasema ana mwizi wa mtoto, wazazi wako hai, mmoja amepiga magoti, na waje na mtu wa pili maana mtuhumiwa anatabasamu. Kisha akanishika kiwiko. Zunilde akapiga kelele kutoka mlangoni kwake:

"Afande, usimvute hivyo, atamdondosha Mungu!"

Askari akashtuka, akaona shali inateleza, akapeleka mikono miwili na kumdaka Mtoto hewani. Akamfunua. Akamtazama macho ya kioo, akatazama dole lililomeguka. Nilimwona rangi inamrudia usoni polepole, kuanzia masikio.

"Ni wa plasta," akasema.

"Taratibu na mguu," nikamwambia.

Nona alikuwa ameshafika, ufagio mkononi, kandambili moja mguuni. Askari akajiweka sawa, akasema mtuhumiwa amepatikana.

"Mwache, afande," nona akasema. "Huyo ni mwizi wangu."

Naomba nirudie, maana nimejirudia mwenyewe tangu juzi. Alisema *mwizi wangu*. Mwaka mzima na miezi katika nyumba ile nimekuwa mke wa Eleazar, mama yake Oriana, na "wewe, funga mlango". Sikuwahi kuwa wa kwake kwa chochote.

Kisha akamgeukia askari. "Na wewe umemshika. Mikono yote miwili. Basi na wewe umo."

"Nimo wapi, mama?"

"Kwenye genge. Zunilde, ulikuwa umfiche wewe?"

"Chini ya kitanda, nona. Nimeshafagia."

"Nawe umo. Mko wangapi?"

"Watatu," nikasema.

"Leso ina pembe ngapi?"

"Nne."

"Basi nendeni mkamtafute wa nne. Na awe mtu mwenye mkono wake katika wizi huu, wa kuazima simtaki. Wizi wa watu watatu siufanyii sherehe."

Askari alisema kwao mambo ya namna hii huishia mahakamani. Nona akamwambia huku huishia kwenye keki, na kama anapenda ya zabibu kavu aseme mapema. Alisema anapenda.

Sasa nakuja kwenye ombi, na nakuomba ulifuate polepole.

Mwenye mkono wa nne ni nani? Oriana alikuwepo, lakini hawezi kupewa pembe, ataila. Eleazar nilimpigia, akacheka, kisha akasema yuko juu ya ngazi, atanipigia. Wengine kijijini ama wamehama ama hawakufanya lolote siku ile zaidi ya kuchungulia. Je, ni nani aliyenifundisha kisigino kwanza, kisha vidole? Ni nani aliyeniambia pumzi niiache mlangoni? Ni nani aliyenipa siku kumi na moja za mazoezi, katika nyumba tano, chini ya ulinzi wa bibi mkali kuliko binadamu? Bila wewe ningemwomba nona ruhusa, angekataa, nasi tungeendelea kunywa pisca yetu. Kwa hiyo wewe ndiye kichwa cha genge. Askari Urdaneta nimemsomea hoja hii na amesema ina mantiki, ingawa ameomba jina lake lisitajwe, jambo ambalo nimelisahau hapo juu.

Sherehe ni Jumamosi, tarehe mosi Februari, saa tisa alasiri. Basi kutoka Mérida linaondoka saa moja asubuhi na linapita hapa saa tatu. Don Eladio ameshaanza kukaza nyuzi za fidla. Mayai yameanza kukusanywa na kuku wamearifiwa. Utakachofanya ni kushika pembe moja, kutembea polepole, na kutomtikisa Mtoto. Kuimba si lazima, Zunilde anaimba kwa watu wawili.

Na jambo moja zaidi. Mwisho wa mchezo wako, kwa herufi ndogo ambazo nadhani hukutaka zisomwe, umeandika: "Umetengenezwa na mtu mmoja, katika chumba cha kupanga, mwezi wa Desemba." Nimeyasoma maneno hayo mara tatu. Mtu anayekaa chumba cha kupanga mwezi wa Desemba akijenga nyumba tano za watu wengine, kila moja na hori lake na taa zake, mimi nadhani hakuwa na hori pale alipokaa. Kama nimekosea nisamehe.

Nasubiri jibu lako kabla ya Alhamisi, na kuhusu nona wa nyumba ya tano naomba umfumbe macho angalau nusu dakika. Bila hilo nitaendelea kulalamika.

Nisalimie wazazi wako popote walipo, mwenye chumba chako, wapangaji wenzako wa ukumbi mmoja, na yule paka wa nyumba ya kwanza ambaye hakuwahi kunisema. Oriana anakusalimu kwa meno mawili. Zunilde anakusalimu na anauliza kama umeoa.

Wako katika kunyata,
Yuleima Rangel
(Mwizi)

Nyongeza baada ya sahihi. Nilimpa nona barua hii anikagulie herufi. Amerekebisha tatu, amekata maneno mawili niliyomwita, na alipofika namba 3 alicheka mpaka akashika meza. Anasema hakuwa amelala. Si Jumatano wala siku nyingine yoyote niliyotia alama kwenye kalenda. Kukoroma kwa kujifanya anakujua tangu alipokuwa na wana watatu wa kuwasikiliza wakitoroka. Anasema Mtoto huwa amefungwa kwa waya kwa sababu ya paka, na asubuhi ile aliufungua waya mwenyewe. Anasema miaka yote mitatu alimwacha Mtoto amelala, akaliacha dirisha wazi, na hakuna aliyekuja.

Kwa hiyo nona wako ni sahihi na mimi ndiye niliyekosea, usimfumbe macho. Wizi haukuwa mwepesi, niliachiwa. Hukunifundisha chochote, mchezo wako hauna hatia. Na ile sheria ya mkono wa nne amekiri kwamba aliitunga palepale njiani, ili nihangaike kidogo, maana alianza kunipenda na hakutaka nijue haraka. Pembe anaweza kuishika mtu yeyote. Sina tena hoja hata moja ya kukuleta huku.

Basi linaondoka saa moja. Njoo hivyohivyo, bila kosa lolote.